Fundo la Mgane

Marehemu Shaaban Robert (1909–1962) alipofiwa na mkewe Amina alimtungia shairi la maombolezo, nalo limo katika Maisha Yangu, kitabu kilichotoka mwaka 1949. Wanafunzi huniuliza: mbona mshairi ashikilia kwamba fundo lao halina wa kulifungua, na huku baadaye alioa tena? Swali hili si utovu wa adabu, nami nalipenda kuliko sifa za mdomo tu. Lakini na tutazame kilichofungwa. Mshairi hakutaja ndoa, ambayo mauti huikata. Ametaja mapenzi, tena katika kibwagizo, hata kila ubeti ukomee hapo. Lipo na lile ua. Hakusema limenyauka, asema limefunga baada ya kuchanua. Kitenzi ni kilekile: ua limefunga, mapenzi yamefungwa. Ndipo tuonapo kwamba kifo na ahadi amevitia katika neno moja. Tanzia nyingi (baadhi yake ni orodha tupu ya wema wa maiti) huwaelekea waliohudhuria matanga. Hii yamwelekea Amina mwenyewe, yamwita kwa jina, yamwombea Pepo. Nasi wasomaji twasikiliza kwa pembeni.