Mcha Mungu na Mwogopa Mungu

Miongoni mwa maneno ambayo kwayo Kiswahili humsifu mtu wa dini, hapana lililo fupi kuliko kitenzi kilichomo ndani ya mcha Mungu, na pengine hapana linaloelezwa kwa haraka zaidi. Mwanafunzi akiulizwa maana yake hujibu kwamba mcha Mungu ni mtu amwogopaye Mungu. Jibu hilo si la uongo, walakini ni nusu ya maana, tena nusu iliyo dhaifu.

Kitenzi chenyewe ni -cha, nacho ni cha asili ya Kibantu. Ndugu yake yumo katika Kiganda, ambako okutya ni kuogopa kitu chochote, kiwe nyoka, kiwe radi. Kiswahili kimekibana zaidi. Mtu wa Unguja au Mombasa hasemi leo kwamba amcha nyoka, husema amwogopa. Kitenzi kimebaki na Mungu, na kwa nadra na wazazi au wakubwa. Wala hakisimami peke yake: ukisema kunakucha, msikilizaji hutazama mashariki, kwa kuwa hicho ni kitenzi kingine, cha alfajiri.

Pengine kimesalia katika watoto wake: kicho, uchaji, na kuchelea. Hiki cha mwisho ndicho kilichomo katika methali isemayo, mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo yastahili kutazamwa vizuri kuliko inavyotazamwa darasani. Mzazi anayechelea kilio hamwogopi mtoto wake. Anaogopa kumwumiza ampendaye. Methali yamlaumu kwa kuzidisha, lakini haikatai kwamba hofu yake imezaliwa na mapenzi. Na hofu iliyozaliwa na mapenzi ndiyo maana ambayo neno kuogopa haliwezi kuibeba.

Hapo ndipo njia za vitenzi hivi viwili huachana. Amwogopaye nyoka humkimbia. Amchaye Mungu humkimbilia. Mwenye hofu tupu hutii akionekana, bali mwenye kicho hujaza pishi ya mchele sawasawa hata mnunuzi akiwa amegeuka. Imani, ibada na dini, maneno matatu ya Kiarabu, ni jirani zake wala si badala yake. Mtu aweza kusadiki, akasali, akawa na dini inayojulikana mtaa mzima, na pishi yake ikapungua.

Jirani aliye karibu zaidi ni utawa. Kutawa, katika desturi ya pwani, ni kukaa ndani, kama walivyokaa wanawake wa heshima wasionekane na wageni. Na Wakatoliki wamelichukua neno hilo wakamwita mtawa yule aliyeweka nadhiri na kuishi katika nyumba ya shirika. Biblia ya Union Version, iliyotolewa 1952, hutumia utauwa kwa maisha ya kumwelekea Mungu kwa jumla, na -cha kwa kile kicho chenyewe. Tofauti hiyo ni nzuri. Utawa una ukuta, ucha Mungu hauna. Mvuvi aliye katikati ya bahari si mtawa, lakini aweza kuwa mcha Mungu.

Wafasiri wa Kurani nao walifika mlango uo huo. Neno la Kiarabu ni taqwa, ambalo shina lake lina maana ya kujikinga na kujihadhari. Sheikh Abdullah Saleh Farsy, katika tafsiri yake ya 1969, husema wamchao Mwenyezi Mungu. Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, katika ile ya 1995, huandika wachamngu. Picha ya Kiarabu ni ya mtu anayejilinda, ile ya Kiswahili ni ya mtu anayestahi na kutetemeka. Picha hizo hazilingani, na hata hivyo wafasiri walichagua vema, maana msomaji wa Kiswahili hupewa neno lililokwisha kuishi kinywani mwake.

Kuna tatizo la maandishi. Katika mazungumzo ya kila siku watu wengi husema wacha badala ya acha, na mwanafunzi asomaye wacha Mungu mara ya kwanza aweza kudhani ameamriwa kumwacha Mungu! Kuliunganisha neno, wachamungu, kwaondoa mashaka hayo. Lakini kuna hasara: kitenzi huzikwa ndani ya jina, na jina hugeuka cheo.

Ndivyo ilivyo katika tanzia nyingi. Marehemu huambiwa alikuwa mcha Mungu kama anavyoambiwa alikuwa mpole na mcheshi, na hakuna aulizaye alifanya nini. Mwandishi akisema marehemu alimcha Mungu, sentensi huanza kudai ushahidi: wapi, mbele ya nani, na kwa gharama gani.