"Shika" na "Shuka": Istilahi za Ukweaji Miamba

Rasimu ya mwongozo wa wanagenzi wa ukweaji miamba, iliyoletwa kwetu kwa mapitio, ina sifa moja kubwa: haikutumia kitenzi "panda" kwa kila jambo. Mfasiri ametambua kwamba aendaye Lenana, kilele cha Mlima Kenya chenye mita 4,985, hupanda mlima kwa miguu. Bali afikaye Batian, penye mita 5,199, hana budi kukwea kwa mikono, miguu na kamba. Tumekubali pia "mkweaji" badala ya "mkwezi". Mkwezi anajulikana pwani kwa minazi yake, na si haki kumnyang'anya jina.

Kasoro imo katika amri. Mkweaji akichoka humtaka mwenzake aliye chini aikaze kamba ili imbebe, hapo rasimu yasema "Shika!" Akitaka kuteremshwa, yasema "Shuka!" Maneno haya hutofautiana kwa irabu moja tu. Darasani tofauti hiyo yatosha. Jabalini, upepo ukivuma na watu wakitengana kwa mita 30, haitoshi hata kidogo. Aliye chini akisikia "shuka" atatoa kamba badala ya kuikaza, ilhali mwenzake amekwisha kuachia mwamba. Isitoshe, sarufi yenyewe ina walakini: "shuka" humwamuru msikilizaji ashuke, kumbe anayetaka kushuka ni msemaji. Twapendekeza "Kaza!" na "Teremsha!", ambayo hayafanani kwa urefu wala kwa sauti. "Vuta" na "Legeza" yabaki kama yalivyo.

Jiwe liporomokapo, rasimu yataka mkweaji apaaze sauti: "Angalieni juu, mawe yanaanguka!" Kabla sentensi haijaisha jiwe limekwisha kufika, na waliotii wamelipokea usoni. "Jiwe!" latosha, hata yakiwa kumi.

Mkanda wa kiunoni na mapajani umeitwa "hatamu". Bila shaka kamusi ya Kiingereza ndiyo iliyomponza mfasiri, kwani hatamu huvishwa farasi kichwani. "Mkanda wa kukwelea" ni jina refu kidogo, lakini halimgeuzi mtu mnyama. "Karabina" tumeipokea bila mjadala.

Limebaki jina la yule ashikaye kamba chini. Rasimu yamwita "mlinzi", neno ambalo kila mwenye duka analijua kwa maana nyingine. Sisi twaelekea kwenye "mshika kamba", kwa mfano wa mshika usukani, na tungependa kupata maoni ya waongozaji wa Mlima Kenya na Hell's Gate kabla ya kulipitisha.