Shule ya Farasi ya Vienna na Walimu Wake

Shule ya Kihispania ya Kupanda Farasi iko Vienna, Austria. Imeitwa hivyo kwa sababu farasi wake wa mwanzo, katika karne ya 16, walikuwa wa asili ya Hispania. Ukumbi wake mweupe ulikamilika mwaka 1735, enzi za Kaisari Karl wa Sita, lakini sifa yake kubwa ni namna inavyofundisha.

Mwanafunzi mpya hakabidhiwi hatamu. Hupandishwa juu ya farasi mzee aliyekwisha kufuzu, bila vikuku vya kukanyagia, huku mwalimu akisimama katikati na kushika kamba ndefu, na farasi akimzunguka. Kazi ya mwanafunzi ni kukaa tu: mgongo wima, nyonga zikifuata mwendo, miguu ikining'inia bila kubana. Asiyetulia kwenye tandiko hujishikilia kwa hatamu, na kila anapovuta humuumiza farasi kinywa. Ndiyo maana mikono hungoja mpaka kiuno kijifunze. Mwalimu huona kosa ambalo mpandaji mwenyewe halihisi, kama bega lililoinama, akalisahihisha kabla halijawa mazoea. Subira hiyo ya miezi mingi ni ualimu wa hali ya juu kabisa, na inastahili heshima.

Baadaye aliyefundishwa na farasi mzee hupewa farasi kijana amfundishe yeye. Maarifa mengi hupokezanwa kwa mdomo. Wanawake walianza kupokelewa kama wanafunzi mwaka 2008, na mwaka 2015 UNESCO iliuingiza ufundi huu katika orodha ya turathi za utamaduni zisizoshikika.