Kibaha, Kisarawe na Ujasiriamali wa Shuleni: Funzo Kutoka Finland

Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Nodiki, Finland ikiwamo, kisha likakabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania Januari 1970, liliweka sekondari, mafunzo ya wakulima na huduma za afya katika eneo moja, kwa kuwa ujinga, umaskini na maradhi vilionekana kuwa maadui wasiotenganishika. Ukaribu huo wa darasa na kazi ndio unaobeba pia ufundishaji wa ujasiriamali, yaani uwezo wa kutambua hitaji, kulitafutia jibu na kuwajibika kwa matokeo, katika Finland ya leo, ambako mtaala wa elimu ya msingi ulioanza kutumika mwaka 2016 umeufanya ujasiriamali kuwa umahiri unaojengwa ndani ya masomo yote.

Mfano ulio wazi ni Yrityskylä, mji mdogo wa kuigiza ulioanzishwa mwaka 2010 kwa wanafunzi wa darasa la sita, ambamo kila mtoto hushika kazi, hupokea mshahara na kununua bidhaa kwa siku moja tu. Lakini siku hiyo hutanguliwa na vipindi takriban 10 darasani, mwanafunzi huiomba kazi yake, na mwalimu hupewa mafunzo kabla ya wote. Nguvu ya mbinu hii imo katika maandalizi, na hapo ndipo sera ya Tanzania ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, iliyokuwa na wazo sahihi kabisa, ilipokwama katika shule nyingi: mwanafunzi alilima shamba asione daftari la mapato na matumizi, na jembe likawa adhabu.

Kisarawe, wilaya ya mihogo na korosho, ina kila kitu cha kuanzisha mbinu hiyo. Wanafunzi wakikabidhiwa magunia machache ya mihogo, wakokotoe nauli ya mzigo hadi Dar es Salaam, walinganishe bei ya mihogo mibichi na ya unga, wauze, kisha waijadili hasara au faida yao mbele ya mwalimu wa hisabati, watakuwa wamefanya kazi ya Yrityskylä bila kujenga mji wowote; wenzao wa Kibaha wanaweza kuanzia kwenye viwanda vya jirani. Mtaala wa Tanzania ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, wenye mkondo wa amali, yaani elimu ya stadi za kazi kwa vitendo, umefungua mlango wa kazi hiyo. Halmashauri za wilaya hizi ziwape walimu mafunzo kwanza, kabla ya kununua vifaa, na daftari la hesabu likae mikononi mwa wanafunzi.