Chokochoko Isiyo na Mchokozi: Kosa la Nguzo Mama

Uamuzi wa Penina Muhando, katika tamthilia ya Nguzo Mama (1982), wa kuiacha nguzo ya wanawake wa kijiji cha Patata ishindwe kusimama kwa sababu ya ugomvi wa wanawake wenyewe ndio kosa kubwa la kiufundi la kazi hiyo, na sifa ilizomiminiwa na wahakiki hazijalifuta.

Kosa hilo hujitokeza neno chokochoko linapopimwa vizuri, yaani ugomvi mdogo unaochochewa makusudi ili ukue. Neno hilo ni ndugu wa vitenzi chokoa na chokoza: anayechokoa huwa na kijiti mkononi na tundu analolilenga, na kwa hiyo chokochoko, tofauti na zogo ambalo ni makelele tu ya watu wengi, haikamiliki bila mchokozi na faida anayoitafuta. Wanawake hao, Bi Moja hadi Bi Nane, wanakutana, wanabishana, wanarushiana maneno, kisha wanatawanyika na nguzo ikiwa chini. Lakini mtazamaji akiuliza ni nani aliyeutilia kuni ugomvi huo na alitaka kuvuna nini, jukwaa halimjibu. Waume wanyanyasaji na ndugu wanaomnyang'anya mjane mali wamo, ila dhuluma yao imewekwa kando ya ugomvi badala ya kuwa chanzo chake, hivyo lawama inamwangukia mwanamke, kana kwamba kugombana ni tabia aliyozaliwa nayo.

Shaaban Robert hakuteleza hapo, kwa kuwa katika riwaya ya Kusadikika (1951) mashtaka dhidi ya mhusika mkuu, Karama, yana mwenyewe, Waziri Majivuno, na msomaji anatambua mapema kwamba kiongozi huyo anaiogopa elimu ya sheria.

Waandishi wa tamthilia wanaogusa Vita vya Majimaji wangejifunza ufundi huo wa kumwonyesha mchokozi huko Ungoni, ambako falme za Njelu na Mshope ziliingia vitani mwaka 1905 zikiwa na uhasama wa miaka mingi, na ambako Wajerumani walimnyonga Nkosi (mfalme) Mputa Gama na wenzake mjini Songea tarehe 27 Februari 1906. Methali isemayo vita vya panzi ni neema ya kunguru inadai pande zote mbili zionekane. Nguzo Mama imewaweka panzi jukwaani na kumwacha kunguru nje, kisha ikawahukumu panzi.