Begi Linaloujua Mkono

Miaka ya 1970, Jim Domke, mpiga picha wa gazeti la Philadelphia Inquirer nchini Marekani, alichoshwa na mabegi ya kamera ya wakati ule. Yalikuwa magumu, yenye umbo la sanduku. Yaliilinda kamera lakini yalimtesa mbebaji: kona zilimgonga nyonga, na kila alipotaka lenzi ilimbidi asimame, alitue begi chini, alifungue kama mtu anayefungua duka asubuhi. Hadi hapo tukio limekwisha. Domke akabuni begi lake la turubai ya pamba, laini, lisilo na sponji nyingi, linalojikunja kufuata ubavu wa mtu. Mkanda wake hauishii ukingoni; unashuka, unapita chini ya kitako cha begi na kupanda upande wa pili, hivyo uzito unabebwa na mkanda wenyewe badala ya nyuzi chache za pembeni. Ndani ya mkanda huo zimefumwa nyuzi za mpira ili usiteleze begani.

Huo ndio ufundi ninaousifu. Wauzaji hulinadi begi kwa idadi ya vitu linavyomeza, ilhali msafiri anapaswa kuuliza vinatokaje. Kwenye begi lililofikiriwa vizuri mkono unashuka peke yake, unainua kifuniko, unaikuta lenzi pale pale ilipowekwa, na muda wote huo jicho halijabanduka kwa mvuvi anayevuta nyavu. Kwa sababu hiyo kitambaa cha ndani kinafaa kiwe cha kijivu hafifu au manjano, maana vifaa vyetu karibu vyote ni vyeusi, na jioni cheusi kikilala juu ya cheusi hukioni. Kwa sababu hiyo hiyo siipendi velkro kwenye kifuniko. Kadhi akiwa anamwozesha bwana harusi, mlio wake wa kuchanika unageuza vichwa vya ukumbi mzima. Kulabu ya chuma hufunguka kimya, na ikipinda hunyooshwa.

Uzito nao una hesabu yake. Lenzi ya 70-200 ya f/2.8 peke yake inaweza kufika karibu kilo 1.5. Ongeza kamera mbili, lenzi ya pili na chaja, umekaribia kilo 5 kabla hujalipima begi. Mashirika mengi ya ndege yanaruhusu kilo 7 tu za kuingia nazo ndani, na betri za lithiamu za akiba ni lazima ziwe humo humo, haziruhusiwi kwenye mzigo unaokwenda chini. Ndege ndogo za kwenda mbugani mara nyingi hukubali kilo 15 kwa mizigo yote ya abiria, tena kwenye begi laini linaloweza kubonyezwa likaingia. Begi gumu la magurudumu limekula nafasi ya lenzi hata kabla ya kufunguliwa.

Kwetu pwani sponji nene ina hatari nyingine. Hewa ya Tanga, Mombasa na Unguja ina unyevu. Sponji na ngozi huunywa na kuushikilia, na katika giza la begi lililofungwa kuvu huota juu ya vioo vya lenzi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba begi la safari lisigeuzwe ghala. Ukifika nyumbani toa kila kitu, lianike wazi kwenye upepo, lenzi uzihifadhi kwenye kasha lenye vijipakiti vya kunyonya unyevu.

Zamani mvua ikianza tuliifunika kamera kwa mfuko wa plastiki wa rambo, safari ikaendelea. Kenya ikapiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017, Tanzania Juni 2019, na kazi ya kuzuia maji ikarudi kwa mshonaji, inakostahili kuwa. Kampuni ya Billingham ya Uingereza imeifanya kwa kubandika tabaka la mpira katikati ya vitambaa viwili. Ilianza mwaka 1973 ikishona mabegi ya wavua samaki, na mwishoni mwa miaka ya 1970 ikagundua kwamba wapiga picha wa New York wanayanunua kwa ajili ya kamera. Mimi hilo halinishangazi hata kidogo. Mvua samaki wa mtoni naye amesimama majini, mkono mmoja umeshika ufito, mwingine unatafuta kitu kidogo ndani ya begi bila msaada wa macho.

Dukani, basi, liangalie begi kwa ndani kwanza. Pale mkanda unapokutana na turubai, mshono uwe umepigwa mraba wenye msalaba katikati. Lijaze vitu vyako mwenyewe, livae, kisha uvute zipu kwa mkono mmoja. Ikigoma dukani, kwenye mchanga wa ufukweni itagoma zaidi. Kama utapanda daladala na begi la mgongoni, tafuta linalofungukia upande unaogusa mgongo, ambako mkono wa mtu mwingine haufiki.

Au nenda kwa fundi. Wanaoshona maturubai ya malori na viti vya magari wana cherehani nzito, uzi wa nailoni na mikono iliyozoea kitambaa kigumu. Ninaamini kabisa kwamba begi zuri la kamera linaweza kutoka kwenye vibanda vyao. Usimpelekee vipimo vya karatasini. Mpelekee kamera yenyewe, aivae, ainame nayo, aone mkono wake unaelekea wapi kabla hajakata kitambaa. Mwombe mkanda upite chini ya kitako. Na mkipatana bei usimbane, kwa maana mishono ile ya mraba na msalaba inakula muda.