Ukaguzi wa Juni, Machipukizi ya Oktoba

Zipo kazi tatu ambazo Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA, huwalipa watu wa vijijini kuzifanya ndani na pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth: kufyeka chini ya uzio wa umeme, kuchimba na kuzibua mitaro ya kuzuia tembo, na kung'oa vichaka vamizi. Ugumu wa kuzifanya hautofautiani sana. Jua ni lile lile, jembe ni lile lile. Kinachozitenganisha ni ugumu wa kujua kama zimefanyika.

Uzio hauna shida. Nyasi mbichi zikigusa waya, umeme huvujia ardhini na nguvu yake hushuka. Msimamizi hafiki na maoni yake, anafika na kipimo cha volti. Anakigusisha kwenye waya, anasoma tarakimu, na kundi lililokabidhiwa kipande hicho linajua papo hapo kama limepita au limeanguka.

Mtaro una ujanja kidogo. Kipimo kilichozoeleka ni mita 2 kwenda chini na mita 2 upana, na mchimbaji aliyechoka huuchimba mpana juu, mwembamba chini, kwa kuwa mkaguzi husimama juu. Dawa yake ni fito mbili tu, moja ya kina na nyingine ya kulazwa sakafuni mwa mtaro. Ila kosa kubwa zaidi liko kwenye hesabu ya malipo. Mikataba ya mitaro hupenda kulipa kwa mita, na kwa uchimbaji wa mara ya kwanza hiyo ni sawa. Kwa matengenezo ni upotevu. Tembo hatafuti wastani wa mtaro, anatafuta pale kijito kilipokata ukingo au ng'ombe walipozoea kushukia. Mtaro wa kilomita 2 wenye pengo la hatua kumi hauzuii chochote, hata kama kwenye karatasi umekamilika kwa asilimia 99. Anayetunza mtaro alipwe kwa mstari usio na pengo, au asilipwe.

Sasa tuje kwenye vichaka, maana hapo ndipo fedha hupotea bila mtu yeyote kuiba.

Kichaka kinachosumbua ni mkulagembe, ambao wataalamu huuita Dichrostachys cinerea. Ni mti mfupi wa miiba mikali ya kutoboa tairi, wenye maua ya rangi mbili, waridi juu na manjano chini, na maganda yaliyojikunja kama donge la minyoo. Si mgeni Afrika. Ni mwenyeji aliyepata nafasi. Mwaka 1980 tembo wa hifadhi hii walibaki kama 150 hivi baada ya miaka ya ujangili na vita, na walaji wa matawi walipotoweka vichaka vilipumua. Ukiukata, mizizi yake iliyotambaa hutoa machipukizi mengi kuliko shina ulilolikata. Ukiuchoma moto, hurudi vivyo hivyo. Lazima ung'olewe na mizizi, kisha mtu arudi kutafuta yaliyosalia, kisha arudi tena.

Hasara yake inaonekana kwenye tambarare ya Kasenyi, mashariki ya barabara ya Kikorongo kwenda Katunguru. Hapo swala kob, yule aliyemo kwenye nembo ya taifa la Uganda, hukusanyika penye nyasi fupi ambapo adui huonekana kutoka mbali. Nyasi zikizibwa, kob huhama, simba humfuata, na mtalii aliyelala kwenye rasi ya Mweya anarudi hotelini na picha za ngiri. Hapo suala linaingia hadi kwenye mifuko ya kaunti ndogo, kwani asilimia 20 ya viingilio vya getini hurudishwa kwa jamii zinazopakana na hifadhi.

Je, mkataba wa kung'oa unapimwaje? Njia rahisi ni hekta. Kundi linaonyeshwa eneo, linang'oa, afisa anakuja kuangalia, anaona ardhi iko wazi, anatia saini. Kwa macho ya siku ile hakuna aliyedanganya. Lakini shina lililokatwa chini kidogo ya udongo na shina lililong'olewa na mizizi yake yote huonekana sawa kabisa siku hiyo. La kwanza huchukua muda mfupi mno, na bei ni ile ile. Mkataba umeshamwambia kibarua achague lipi.

Tarehe nazo zinazidisha tatizo. Mwaka wa fedha wa Uganda huisha tarehe 30 Juni, na chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 bakaa ya bajeti hurudi hazina. Kwa hiyo ofisi za umma hukimbiza malipo Mei na Juni. Juni huku kwetu ni kiangazi. Mvua kubwa huanza kurejea Agosti na kuendelea hadi Novemba, na hapo ndipo mizizi iliyoachwa hutoa majibu. Kazi imekaguliwa katika mwezi ambao haiwezi kuonekana mbaya, na imeharibika katika mwaka wa fedha mwingine, ambapo hakuna mtu wa kuwajibika.

Mjenzi wa darasa pale Bwera hapewi nafasi hiyo. Sehemu ya fedha yake hubakizwa kwa miezi kadhaa, na ukuta ukipata ufa anaitwa arudi. Sioni kwa nini mkulagembe usiwekewe utaratibu huo: malipo mengi yatoke kazi inapokamilika, sehemu ndogo ibaki hadi ukaguzi wa Novemba. Na ukaguzi huo usifanywe kutoka dirishani mwa gari, kwani kila kundi huanza na ukanda wa barabarani. Vichaguliwe kwa kura viwanja vya mita 10 kwa 10 kwenye ramani, vifikiwe kwa GPS, machipukizi yahesabiwe, na idadi inayovumilika iwe imeandikwa tangu siku ya kusaini.

Afrika Kusini ilianzisha mpango wa Working for Water mwaka 1995 kwa makundi ya namna hii, na mikataba yake ilitofautisha usafishaji wa kwanza na marudio. Hata hivyo, mojawapo ya lawama zilizouandama ni kwamba marudio hayakufanywa kwa wakati, na fedha za mwanzo zikageuka majani. Kutenga jina la kazi hakutoshi ikiwa hakuna anayelazimika kuilipia.

Wala upimaji wa namna hii haungekuwa jambo geni Mweya. Mwishoni mwa miaka ya 1950 viboko waliondolewa kwa risasi katika rasi hii, kwa kuwa walikuwa wameitafuna hadi udongo mtupu, na wanasayansi wakaendelea kufuatilia nyasi zinavyorudi kwa miaka kadhaa. Unaweza kuuchukia uamuzi ule wa bunduki, nami siupendi, lakini waliofanya hivyo walijua kwamba jibu halipatikani siku ya kazi.

Ugumu wa kweli uko kwa wanaong'oa. Mama wa kijiji cha Kahendero anayelipwa kwa kazi ya wiki mbili hawezi kukopesha serikali miezi mitano, kwa hiyo fungu linalobakizwa lisizidi sehemu ya kumi, na bei iwe imehesabu siku za kurudi kuokota machipukizi. Pia hakuna anayeingia Kasenyi kwa miguu bila askari mwenye bunduki, kwa ajili ya simba na nyati. Askari aliyelinda kundi wiki nzima asiwe ndiye anayeshuhudia ubora wa kazi ya kundi hilo, si kwa sababu si mwaminifu, bali kwa sababu ameshakula nao. Shahidi atoke kituo kingine. Hiyo inamaanisha gari, mafuta na posho za Novemba kwenye kifungu chake chenyewe, na bajeti inapobanwa, kifungu cha kwenda kuangalia kazi iliyokwisha kulipwa ndicho hupigwa mstari kwanza.